Vita vya Kagera Viliisha Lini Shinyanga?

Siku ya Mashujaa, kila tarehe 25 Julai, haina shamrashamra za Sabasaba wala za Siku ya Uhuru. Tarumbeta inalia, mizinga inapigwa, watu wanasimama kimya. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, na miongoni mwa silaha za jadi zinazofuata kuna upinde na mshale. Viongozi wa dini wanaomba dua, kisha watu wanatawanyika. Anayetazama kwenye televisheni akiwa Dar es Salaam anaweza kudhani upinde ule umewekwa kwa heshima ya Mkwawa, Kinjeketile na wazee wengine wa enzi za Wajerumani. Kwa mtu aliyekulia Kahama, mkoani Shinyanga, upinde una historia ya karibu zaidi. Ni silaha ambayo baba yake aliishusha darini mwaka 1982, miaka mitatu baada ya Tanzania kumshinda Idi Amin, nchi ikiwa haina vita na mtu yeyote.

Alikuwa anamwogopa nani?

Ili kulijibu swali hilo inabidi kuanzia mbali kidogo. Vita vya Kagera vina tarehe ambazo kila aliyesoma shule ya msingi amewahi kuulizwa kwenye mtihani. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka kutoka Uganda. Tarehe 30 mwezi huo yakaingia kwa nguvu zote na kukalia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, kilomita za mraba kama 1,800. Yalibomoa daraja la Kyaka. Yalipora kiwanda cha sukari, yalibaka, yaliua, na yaliswaga maelfu ya ng'ombe kuvuka mpaka, wakiwamo wa ranchi ya Kitengule. (Watu husahau jambo hili: kwa mwananchi wa Kagera, vita vilianza kama wizi wa ng'ombe.) Novemba 2 Mwalimu Nyerere akawaambia Watanzania kwamba sababu ya kumpiga Amin ipo, nia ipo na uwezo upo. Mwishoni mwa Januari 1979 majeshi ya Tanzania yakavuka Mutukula. Masaka ikaanguka Februari, na siku moja baadaye Mbarara. Machi kukawa na mapigano makali ya Lukaya, ambako askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin walikiona cha moto. Aprili 11 Kampala ikawa mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa nao. Juni 3 vikosi vikafika mpaka wa Sudan, na hapo vita vikahesabiwa kuwa vimekwisha.

Ukanda wa ziwa ulivisikia vita hivi kwa masikio yake. Ndege ya kivita ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza; mabomu yake yaliangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi badala ya shabaha yake. Geita, ng'ambo ya ghuba, wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Shinyanga nao ulikuwa mkubwa kuliko wa leo: ulichukua nchi yote ya Maswa na Bariadi ambayo sasa ni Simiyu, pamoja na nchi ya Bukombe ambayo tangu 2012 iko Mkoa wa Geita.

Tarehe zinaonyesha vita vilipoisha kwa jeshi. Mwisho wa vita katika zizi la ng'ombe unaonekana kwenye hesabu nyingine, ya watu. Kabla ya vita, jeshi la Tanzania lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Katika miezi michache lilipanda hadi zaidi ya 150,000, wakiwamo migambo wapatao 40,000, pamoja na polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Migambo walitoka vijijini. Kijana aliyekuwa akilima pamba Juni 1978 alikuwa amebeba bunduki ya SMG huko Masaka kabla ya mvua za masika. Waliokufa vitani kwa upande wa jeshi la Tanzania hawakuwa wengi kwa kipimo cha vita, mia chache tu, na wengi wao kwa ajali na maradhi kuliko risasi. Makaburi yao yako Kaboya, wilayani Muleba. Maana yake ni kwamba karibu wote waliokwenda walirudi. Hiyo ni heri kubwa, na taifa lilistahili kushangilia. Lakini jeshi linalorudi salama linarudi na kila kitu lilichojifunza, na nyuma yake linaacha kila kitu ambacho adui alikitupa.

Jeshi la Amin lilipovunjika halikusalimisha silaha kwa utaratibu; lilikimbia. Mfano unaojulikana zaidi ni wa kambi ya Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda. Walinzi walipoondoka mwaka 1979, ghala la silaha lilibaki wazi na Wakaramoja wakalizoa. Wizi wa mifugo ambao kwa vizazi ulikuwa wa mikuki ukawa wa bunduki za rashasha, na ukame wa mwaka uliofuata ukageuka njaa iliyoua watu wengi mno, kwa sababu mwenye bunduki ndiye aliyekula. Upande wa Tanzania, wilayani Tarime, watafiti walioishi na Wakurya walisimulia jambo kama hilo kwa kiwango kidogo: baada ya vita, wizi wa ng'ombe ulipata silaha ambazo haukuwa nazo, na baadhi ya waliozijua vizuri walikuwa wamejifunza jeshini.

Shinyanga haikuhitaji ghala zima. Fikiria kijiji cha wakati ule. Watu wana mikuki, pinde, pengine gobore moja la mwindaji. Katika kijiji cha namna hiyo wezi wanne wenye fimbo ni tatizo la kawaida: mtu atapiga mwano, ule ukelele wa hatari wa Kisukuma, vijana watatoka, wezi watakimbia. Waongezee wezi hao SMG moja. Sasa anayetoka kwenye mwano anatoka kufa. Mlio mmoja wa risasi hewani unatosha kukiweka kijiji kizima ndani, na asubuhi zizi ni tupu. Bunduki moja ilivunja mkataba wa zamani ambao haukuandikwa popote, wa kwamba jirani akiita unatoka.

Na kwa nini ng'ombe? Hapa lazima tuangalie mfuko. Vita viligharimu nchi kiasi kinachokadiriwa kufika dola milioni 500, na mzigo huo uliiangukia nchi iliyokuwa tayari inayumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, bei ya mafuta ilipaa tena 1979, mvua zikagoma. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilipita, na mikanda ikaendelea kubanwa. Maduka yalibaki na rafu tupu. Sabuni, chumvi, viberiti na kanga vikawa vitu vya kupangiwa foleni au kununuliwa kwa mlanguzi usiku. Walioishi miaka ile bado wanakumbuka ugali wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Mwaka 1983 serikali ilianzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na wapo waliotupa mitungi ya mafuta ya kupikia mtoni wasije wakakutwa nayo.

Mkulima wa pamba wa Kisukuma katika hali hiyo afanye nini na shilingi zake? Duka halina kitu, na noti inapoteza thamani kila mwezi. Anafanya alichofanya babu yake: ananunua ng'ombe. Ng'ombe anazaa, anatolewa mahari, haathiriwi na waziri wa fedha. Kwa hiyo miaka ile ya upungufu, mali yote ya Usukuma ilikuwa imesimama kwa miguu minne nyuma ya ua wa minyaa. Kwa mwizi hiyo ni mali ya ajabu, maana inajibeba yenyewe. Ukiivunjia zizi usiku, alfajiri imeshatembea hadi wilaya nyingine.

Palikuwa na polisi, bila shaka, lakini kati ya polisi na wanakijiji palikuwa na kidonda. Mwaka 1976, katika operesheni ya kusaka waliotuhumiwa kuua watu kwa imani za uchawi mikoani Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola na baadhi wakafa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, aliwajibika kwa kujiuzulu, ingawa si yeye aliyemgusa mtu. Kujiuzulu kule kunasifiwa mpaka leo kama mfano wa uungwana katika siasa, na ni haki kusifiwa. Vijijini, hata hivyo, watu walibaki na kumbukumbu ya upande wa pili wa habari. Zaidi ya hayo, kituo cha polisi kilikuwa mbali, hakina mafuta ya gari, na mara nyingi mwizi aliyepelekwa Jumatatu alionekana sokoni Ijumaa.

Ndipo Sungusungu wakazaliwa, kati ya 1981 na 1982, katika nchi ya Kahama inayopakana na Nzega, wakasambaa kwa kasi ya moto wa nyika hadi Shinyanga yote, Tabora na Mwanza. Jina ni la wale siafu weusi wanaouma kwa pamoja. Wenyewe walipenda zaidi jina jingine, Basalama, watu wa salama. Nalipenda jina hilo kwa sababu linasema wazi kile ambacho hotuba za ushindi hazikusema: kwamba salama ilikuwa bado haijafika na ilibidi itafutwe.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi, na ndani yake kuna fundisho. Kila kaya ilitoa mtu. Kila mtu alikuwa na upinde, mishale na filimbi. Kijiji kilichagua uongozi wake nje ya uongozi wa serikali ya kijiji: mtemi, katibu, kamanda. Filimbi ikilia kijiji kimoja, kijiji cha pili kinaipokea, cha tatu kinaziba njia, na wezi wanajikuta wanakimbia kutoka mikononi mwa hawa kwenda mikononi mwa wale. Asiyetoka filimbi ikilia alitozwa faini. Akikaidi, alitengwa: hapewi moto, hachoti maji pamoja na wenzake, hasalimiwi. Tazama walichokirudisha. Upinde hauishindi SMG uwanjani, na wao walilijua hilo. Walichokuwa wanakijenga upya ni ule mkataba wa jirani kuitika, mara hii ukiwa na adhabu, ili bunduki moja ikutane na watu mia tatu ambao kila mmoja anajua kwa hakika kwamba hayuko peke yake.

Wizi ulipungua sana. Ray Abrahams, mwanaanthropolojia wa Cambridge aliyewajua Wanyamwezi tangu enzi za ukoloni, aliandika juu ya jambo hili kwa mshangao wa mtu aliyedhani anaifahamu nchi ile. Serikali ilibaki njia panda. Polisi na mahakama waliwaona kuwa ni wavunja sheria. Chama, na Mwalimu mwenyewe, kiliona ndani yao wananchi wanaojilinda, jambo ambalo TANU ilikuwa imelihubiri miaka yote. Mvutano huo ulikwenda hadi 1989, sheria ya mgambo ilipofanyiwa marekebisho na Sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata kama migambo. Kwa hesabu yangu, miaka kumi kati ya 1979 na 1989 ndiyo muda ambao dola ilichukua kukiri kwamba wanakijiji walikuwa wameendelea na vita iliyodhani imekwisha.

Ningetamani habari iishie hapo. Lakini mtu anayekumbuka nusu hakumbuki. Mkusanyiko uleule wa watu wenye pinde, usioulizwa na hakimu, uliwapiga watuhumiwa mpaka wakakiri, na baadhi hawakuamka. Tena adui hakuwa mwizi wa ng'ombe peke yake. Tangu mwanzo palikuwa na orodha nyingine, ya wachawi, na orodha hiyo ilijaa majina ya wanawake wazee. Wengine walifukuzwa vijijini, wengine waliuawa, na mauaji ya vikongwe yameisumbua Shinyanga na Geita kwa miongo mingi baadaye. Alama iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa macho mekundu. Katika nchi isiyo na miti ya kutosha, ambako bibi amepika miaka hamsini kwa mabua na kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho mekundu ni ugonjwa wa moshi. Kikosi kilichoundwa kwa ajili ya hofu ya kweli kilibaki na nguvu hata baada ya hofu hiyo kupungua, na nguvu isiyo na kazi hutafuta kazi.

Miaka ileile, kusini mwa ziwa, vijana walikuwa wanahama kutoka zizini kwenda kwenye madini. Pamba hailipi, ng'ombe wameibwa au wamegawanywa, basi dhahabu. Ya Geita ilijulikana tangu mwaka 1898, wakati wa Wajerumani, na mgodi wa Waingereza ulikuwa umefanya kazi na kufungwa miaka ya 1960. Sasa walikuja watu wenye sururu na makarai. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo bila kuwahoji sana wameitoa wapi, na rashi moja, yaani mmiminiko wa wachimbaji, ikazaa nyingine, kutoka Geita hadi Bulyanhulu upande wa Kahama. Kisha ikaja sheria ya madini ya 1998 na makampuni makubwa: mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata.

Katika ukanda huu kuna jambo ambalo halikutokea, na kwa kuwa halikutokea hatulitazami. Fikiria maelfu ya vijana wasio na ardhi, mashimo yenye dhahabu, mpaka wa Burundi, Rwanda na Kongo usio mbali, na muongo mmoja tu tangu vita. Kwingineko mchanganyiko huo huzaa mwenye bunduki anayekaa juu ya duara (shimo la uchimbaji) na kuchukua sehemu yake ya kila kiroba. Ituri na Kivu, nchini Kongo, ndivyo ilivyokuwa. Geita na Kahama zina dhuluma zake: ugomvi wa leseni, vifusi vinavyofukia watu, zebaki inayooshwa kwa mikono mitupu, wachimbaji kufurumushwa, mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotingisha nchi tangu 2007 kwa tamaa ya bahati machimboni. Lakini duara likamilikiwa na kikundi cha wapiganaji chenye jina na kamanda wake, hapana.

Naona sababu mbili. Ya kwanza ni ya jeshi: wale 150,000 walikuwa chini ya amri moja walipokwenda na walikuwa chini ya amri hiyo hiyo walipopunguzwa. Linganisha na Uganda. Wapiganaji wa Uganda waliorudi na Watanzania walikuwa na makundi yao, Kikosi Maalum upande mmoja na FRONASA ya Yoweri Museveni upande mwingine, na mkutano wa Moshi wa Machi 1979 uliwaunganisha kwenye karatasi tu. Yusuf Lule alikaa Ikulu siku 68. Godfrey Binaisa hakufika mwaka. Februari 1981, miezi miwili baada ya uchaguzi uliogombaniwa, Museveni aliingia msituni, na Uganda ikapigana miaka mitano mingine. Kwa hiyo leo Januari 26 ya 1986 inasherehekewa Kampala kwa kishindo, wakati Aprili 11 inapita karibu kimya.

Sababu ya pili ni filimbi. Kufikia rashi kubwa za miaka ya 1990, vijiji vya Kahama na Geita vilikuwa na miaka kumi ya mazoezi ya kumfanya mwenye bunduki asipate pa kulala. Bunduki inahitaji mtu wa kuificha, wa kuipa chakula, wa kuielekeza njia. Siwezi kuipima sababu hii kwa mizani, na najua gharama yake, kwa sababu nimetoka kuwataja wale bibi. Lakini anayeandika historia ya dhahabu ya Geita kwa kuanzia na makampuni ameruka ukurasa.

Mambo haya yalinirudia mwaka 2025. Mwishoni mwa Januari waasi wa M23 waliiteka Goma, mashariki mwa Kongo, Februari wakaiteka Bukavu. Kikosi cha SADC, chenye askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, kilijikuta kimezingirwa, na Machi 13 wakuu wa nchi za SADC waliamua kiondoke. Kuanzia mwishoni mwa Aprili magari yake yalipita Rwanda na kuingia Tanzania, yakakusanyika Chato, Mkoa wa Geita, kusubiri safari ya kurudi makwao. Kutoka hapo, ukishika barabara ya Biharamulo na kupinda kaskazini, unafika Muleba na makaburi ya Kaboya.

Pale Chato kila kitu kilikuwa kwenye orodha: askari, magari, silaha, makontena. Ndivyo jeshi linavyotakiwa kuondoka vitani, na ndivyo Tanzania ilivyojitahidi kufanya baada ya Vita vya Kagera kwa watu wake yenyewe. Silaha zilizoachwa na wanaokimbia huwa hazimo kwenye orodha ya mtu. Wanajeshi wa Kongo walipoikimbia Goma walitupa bunduki na sare barabarani, na wiki zilizofuata wakazi wa mji walilalamikia ujambazi wa usiku. Mazungumzo ya amani yalifanyika Doha na Washington, na magazeti yakajadili mipaka, madini na nani atatia saini wapi. Masisi, kwenye vilima vya nyuma ya Goma, ni nchi ya wafugaji wa ng'ombe.